Ripoti Niliyoandika Juu ya Golikipa wa Kilwa

Nilisimama golini miaka tisa. Timu yetu ni ya wanawake wa Hewa Bora na mitaa ya jirani: wauza mikate, wanafunzi, mama wa watoto wawili watatu, na mimi mshonaji. Tunacheza ligi ya mji. Hatukuwahi kuwa wa kwanza na hatukuwahi kuwa wa mwisho, na katika miaka yote ile hakuna mtu aliyeuliza nani atadaka Jumapili. Nilikuwa mimi. Hata siku niliyofungwa goli la aibu, mpira ukinipita polepole kama mtu anayetembea, Jumapili iliyofuata nilikuwa mimi tena.

Nasema haya ili mtu aelewe jinsi nilivyojisikia siku kocha alipofungua mkutano wa komite kwa kusema kwamba tutafute golikipa mwingine.

Tulikuwa wanne, sebuleni kwa Mama Prezida. Yeye ni mama wa familia ya Kikasai, anauza vitambaa mjini kati, na ndiye anayeibeba timu kwa mengi. Pembeni yake alikaa katibu wetu, mwalimu wa hesabu, kisha kocha, kisha mimi, mwakilishi wa wachezaji. Ilikuwa mwezi wa sita, kale kabaridi ka vumbi, na Mama Prezida alikuwa ametufungia madirisha.

"Kuko mwanamuke mumoja ametoka Kilwa, kule ku ziwa," kocha alisema. "Timu yake ilikufa. Hana contrat na muntu. Minasema kweli, haiko gardien wa goli wa ajabu. Iko wa katikati. Lakini anajua kazi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Wa katikati wa nini? Gardien mukubwa tungemutaka, lakini hatutamupata. Wa chini tuko nao kila avenue. Huyu wa katikati atatuongezea nini? Atafungwa magoli yaleyale tunafungwa. Tungoje. Siku moja atapatikana muzuri, nafasi itakuwa wazi."

"Mwalimu, saison ya mupira iko murefu," kocha alijibu. "Gardien mumoja tu, siku moja anaanguka mubaya, tunaisha."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Lakini Mama Prezida aliniangalia goti, na mwalimu pia. Lilikuwa limevimba tangu Pasaka. Nilikuwa nalifunga kitambaa chini ya soksi nikidhani hakuna anayejua.

Nikaomba neno. "Wa katikati njo hatari," nilisema. "Mubaya unamuona mara moja, unamutosha inje. Wa katikati anabakia. Hakuna siku anakosa sana mpaka mumufukuze, hakuna siku anafanya vizuri sana mpaka mufurahi. Anakamata nafasi miaka mitatu, na batoto betu ba kadeti, ile timu ya badogo, banachoka kungoja, banaenda fasi ingine."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha. Nilikuwa nimesema vizuri, na hoja zile hazikuwa za uongo. Nimezisikia tangu hapo kwa watu wasio na sababu yoyote ya kuogopa. Lakini hazikutoka pale zilipopaswa kutoka. Angekuja golikipa mkubwa, wa timu ya taifa, ningembebea glavu zake na kusimulia maisha yangu yote kwamba nilifanya mazoezi naye. Asingeniuma. Aliyeniuma ni huyu wa katikati, kwa sababu nilipolisikia neno lile nilijua kwamba hata mimi ndivyo nilivyo. Wa katikati wawili. Mmoja ana miaka thelathini na miwili na goti bovu. Mwingine, kocha alisema, ana ishirini na sita.

Mama Prezida alisikiliza wote, kisha akanigeukia mimi. "Weye njo unajua kazi ile, mwanangu. Umuangalie juma moja, utuandikie. Tutafuata ile utasema."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kumpima mtu ambaye sikutaka hata kumwona.

Alikuja Jumanne alasiri. Mrefu kidogo kuliko mimi, mabega mapana, glavu zake zimeshonwa viganjani kwa uzi wa nyavu za samaki. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kukunja magoti, kama tunavyowasalimia wakubwa, akaniita kama dada yake mkubwa.

"Yaya, banasema weye njo utanifundisha."

"Sikufundishi," nilimjibu. "Nakuangalia."

Nilikuwa na daftari la shule, la mistari. Nilikaa kwenye tofali nyuma ya goli na kuandika. Kwa kweli alikuwa wa katikati, kocha hakudanganya. Mipira ya chini aliishika. Mipira ya juu ya upande wa kuume aliifuata sawasawa. Ya kushoto alichelewa kuirukia, kila mara, kama vile mguu ule mmoja ulikuwa unaomba ruhusa kwanza. Akipiga mpira wa goli, nusu ya mara ulitoka nje. Kila alipokosea moyo wangu ulicheza, na niliandika haraka, kwa herufi kubwa. Kwenye ukurasa wa kwanza hapakubaki nafasi tupu.

Siku ya tatu kocha aliwapanga mabeki mbele yake, na hapo yule mwanamke akaanza kusema.

Sijui nieleze vipi. Mimi nilikuwa nadaka kimya. Nikifungwa ndipo nilipiga kelele, na mabeki walinijibu kwa kelele zao, na tuliendelea hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Huyu alisema muda wote, bila hasira, kama mtu anayepanga wageni mezani. "Sogea kuume, mama. Ile, ile! Iko nyuma yako, usigeuke. Achia, ya kwangu!" Nao walisogea. Alikuwa amejua majina yao yote tangu siku ya pili. Beki wetu wa kati, mwanamke mzito aliyezaa mapacha, alimpa jina la Mukubwa wa Feri, kwa sababu hakuna anayepita kabla yeye hajaruhusu. Mabeki walicheka mpaka wakashika magoti. Beki yule amecheza mbele yangu miaka sita, na sikumbuki kumchekesha hata siku moja.

Mazoezi yalipokwisha beki huyo alipita karibu nami akiwa na chupa ya maji, akamwambia mwenzake, "Leo mupira haikunichokesha."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliandika: Mashuti ya mbali, anachelewa. Kisha nikafunga daftari.

Ripoti yangu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Niliinakili vizuri usiku wa Ijumaa, kwa mwandiko niliofundishwa na masista. Kila neno lilikuwa la kweli. Mipira ya kushoto, mipira ya goli, mashuti ya mbali, namna anavyoinuka taratibu baada ya kuanguka. Juu ya sauti yake sikuandika hata mstari. Nilimalizia hivi: Ni golikipa wa kiwango cha kati. Hatuongezei kitu.

Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya komite, akipumzika kila baada ya nukta. Alipomaliza alisema, "Njo vile nilisema."

Kocha aliniuliza, "Na vile anasema na mabeki?"

"Anasema namna gani?" nilijibu.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Ni mtu mpole, amefundisha wanawake tangu wakati watu walipokuwa wakimcheka barabarani. Alichukua kofia yake juu ya kiti, na Mama Prezida akasema basi, mambo yamekwisha, mwalimu amrudishie huyo dada karatasi zake za usajili.

Nililala vizuri kwa wiki kadhaa. Lazima niseme hivyo, maana watu hudhani aliyefanya neno kama lile hapati usingizi. Nilipata. Niliimba nikishona yunifomu za shule.

Mwezi wa tisa tulicheza na timu moja ya Katuba. Kulikuwa na kona, nikaruka, nikaushika mpira, na niliposhuka mguu wa kuume ulifika chini na goti likabaki juu. Ndivyo nilivyohisi. Nilisikia sauti yake kabla ya maumivu. Daktari alinishika mguu, akaukunja kidogo, akauliza nina watoto wangapi na ninafanya kazi gani. Kisha akasema miezi sita bila mpira, na baada ya hapo tutaona. Mashine yangu ni ya kukanyaga. Nilijifunza kuikanyaga kwa mguu wa kushoto, na wiki ya kwanza nilivunja sindano kila siku.

Mdogo wetu wa kadeti alisimama golini mechi mbili. Alifungwa mara nyingi sana, mpaka mechi ya pili mama yake aliingia uwanjani, akamshika mkono na kuondoka naye kabla ya mapumziko.

Siku iliyofuata kocha alikuja nyumbani. Hakuja kuniomba ruhusa. Alikataa kiti.

"Nilienda kumutafuta," alisema. "Anauzisha samaki ya kukausha ku soko. Hakusaini fasi yoyote. Nilimuomba, akakubali."

"Hakukasirika?"

"Aliuliza tu kama utakuwako ku mazoezi."

Nililifikiria swali lile wiki nzima. Alitaka niwepo? Alitaka nisiwepo? Ningekuwa mimi, ningetaka mtu aliyenikataa aje, akae mbele kabisa, aone. Niliamua kwamba ndicho alichotaka, na nikamchukia kwa jambo nililolibuni mwenyewe.

Mechi yake ya kwanza nilienda na fimbo, nikakaa kwenye benchi pamoja na wale wa akiba. Asubuhi nilikuwa nimekwenda misa, na pale nilipopiga magoti, goti moja tu maana lingine halikunjiki, nilimwomba Mungu mpira upite katikati ya miguu yake mbele ya watu. Nilisali hivyo kweli. Na ulipita. Kipindi cha kwanza hakijaisha, shuti dogo, katikati ya miguu. Furaha niliyoipata ilidumu muda wa kufunga kamba ya kiatu. Kisha nikawaona wenzangu, wale niliofua nao jezi kwenye beseni moja, wameshika viuno. Beki wetu wa kati alikwenda kwa yule golikipa nikidhani atamfokea, kama alivyozoea kunifokea mimi. Alimpiga begani tu. Tulisawazisha kuelekea mwisho.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Tukashinda moja, tukapoteza moja, tukatoka sare. Aliokoa mipira ambayo golikipa yeyote angeokoa, na akafungwa ile ambayo ningefungwa mimi. Mwalimu alikuwa na haki kabisa, magoli yalikuwa yaleyale. Lakini mabeki hawakugombana tena. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp, ambako zamani baada ya kila mechi watu walitukanana mpaka Jumanne, sasa zilikuja sauti za watu wakicheka, na katikati ya kicheko chao nilikuwa nakisikia cha yule wa Kilwa. Nilinyamazisha grupu. Nikawa nafungua simu mara kumi kwa siku kuangalia nimekosa nini.

Jumapili moja nilikataa kwenda. Bwana wangu alienda bila mimi, akarudi amechangamka, akakaa mezani huku akinawa mikono.

"Ule gardien wenu, we! Alimuambia ule attaquant mwenye alikuwa anakuya kufunga: mama, unapotea, njia ya kwenu iko kule. Uwanja muzima tulicheka."

"Bukari imepoa," nilisema.

Aliugusa ule ugali. "Iko moto."

"Nimesema imepoa."

Alikula kidogo. Kisha hakuweza kujizuia, masikini. "Ukimusikia vile anabaita, unasema alizaliwa hapahapa Hewa Bora."

Nilichukua sahani ya mboga za lengalenga mbele yake kabla hajamaliza na kuipeleka jikoni. Alibaki ameshika tonge mkononi. Wanawake wengine huwaonea wivu waume zao kwa ajili ya mwanamke. Mimi nilimwonea wivu mwanamke kwa ajili ya goli lenye nyavu zilizotoboka.

Mvua zilikuwa zimeanza alipokuja kwangu. Alisimama barazani na viatu mkononi, matope mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, akiwa na samaki waliofungwa katika gazeti. Nilimkaribisha kwa sababu huwezi kumwacha mtu kwenye mvua. Alikataa chai, akafungua mfuko wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Niliujua mwandiko kabla hajaikunjua.

"Mwalimu alinipatia pamoja na makaratasi yangu," alisema. "Sijui kama alikosea, sijui kama alitaka nione."

Alikuwa ameichora ripoti yangu kwa kalamu nyekundu. Chini ya kila kosa nililoliandika kulikuwa na mstari, na kando ya baadhi yake alama, kama mwalimu anayesahihisha. Aliweka kidole.

"Hii ya mipira ya goli, nilishatengeneza. Hii ya kuinuka, kidogo. Hii ya kushoto inanishinda, yaya. Njo nimekuya. Unifundishe."

Nilikaa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na ilinibidi niseme kwa sauti kubwa jambo ambalo ningependa kulinong'ona. "Kuko kitu sikuandika mule."

"Ninajua."

"Unajua ni nini?"

"Vile ninasemesha mabeki." Aliikunja karatasi tena. "Nilikukasirikia miezi miwili. Nilikuwa ninapanga samaki, ninakutukana. Ya kwanza nilikutukana, ya pili nilitukana mama yako, unisamehe. Kisha nikasoma tena. Bile uliandika bilikuwa bya kweli. Na hakuna muntu alishaniangalia vile, juma muzima, kila mupira. Mahali pengine banakuangalia siku moja, banasema iko wa katikati, tutaona. Nimecheza timu ine. Kila fasi ni tutaona."

"Nilikuwa jalouse," nilisema. Nililisema kwa Kifaransa, maana kwa Kiswahili lingesikika kama neno la wake wenza.

"Na miye niko," alisema. "Miaka tisa, hakuna mwenye anauliza nani atadaka. Unajua ni kitu gani, kulala Jumamosi bila kujua kama kesho utacheza? Weye haujui."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kunionea mimi wivu. Nilitaka neno lile lituweke sawa, yaishe. Halikuyamaliza. Lakini nilimwambia aje Jumatano.

Tulifanya kazi uani, kati ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani. Mimi nilikaa kwenye kiti na kumrushia mpira kwa mkono, juu, upande wake wa kushoto. Kosa lake lilikuwa dogo: alianza na mguu usiofaa. Nilimwonyesha kwa chaki kwenye sementi pa kukanyaga. Kufikia Jumatano ya tatu alianza kuishika mipira. Mmoja, miwili, mitatu mfululizo, na mwili wake ukipanda vizuri, mwepesi, jinsi wangu ulivyokuwa ukipanda zamani. Wa nne niliurusha mbali kabisa, mahali nilipojua hatafika. Alianguka kwenye beseni la nguo.

Aliinuka akijipangusa maji. "Ile ilikuwa ya bujaluzi."

"Ndiyo," nilimwambia. "Rudi katikati."

Saison ilipokwisha tulikuwa wa sita, kama mwaka uliotangulia. Mwalimu alileta jedwali kwenye komite, akaliweka juu ya meza. "Wa sita na wa sita. Tumepata nini? Tungengoja muzuri."

Kocha alisema, "Mwaka ule tulikuwa wa sita na gardien muzima. Mwaka huu gardien alivunjika mwezi wa tisa, na tuko wa sita. Weye mwenye kufundisha hesabu, uniambie bila ule mwanamuke tungekuwa wa ngapi."

Mwalimu alilikunja jedwali lake. Mama Prezida aliniuliza maoni yangu, na hapo nikawaambia. Niliwaambia kwamba ripoti ile niliiacha nusu. Niliwaambia kilichokosekana, na sababu. Mwalimu alikasirika sana, akasema amedharauliwa, ameisoma kwa sauti mbele ya watu karatasi isiyokamilika. Alikuwa na haki. Kocha aliangalia dirishani. Mama Prezida akasema nitakaa nje ya komite mwaka mmoja, na nitafundisha magolikipa, wote, kuanzia kadeti. Sijui kama ilikuwa adhabu mbili au moja. Sikuuliza.

Yule wa Kilwa bado ni wa katikati. Amesaini tena. Mipira ya kushoto anaishika sasa, ya kuume ameanza kuikosa, tunaifanyia kazi. Jumapili iliyopita alifungwa mawili na tukashinda matatu, na la tatu lilianza kwake: aliona beki wa upande wa pili amelala, akapiga mpira mrefu moja kwa moja, ule niliomwambia asiupige. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nilifurahi, kweli nilifurahi, nikaondoka uwanjani nikitembea karibu bila kuchechemea. Kwenye kona ya duka la mikate nilimwona mbele, amezungukwa na mabeki na wanawake wengine wa mtaa, anasimulia goli lile kwa mikono, na mtu mmoja amembebea begi. Hawakuniona. Nilisimama kidogo, kisha nikapita barabara nyingine, ile ndefu, mpaka nyumbani.